Simu nne, kompyuta moja: shajara ya kusawazisha nyumba bila waya

Jumamosi, 14 Juni 2025

Lengo la mradi: kila picha, rekodi ya sauti na hati inayoingia kwenye simu za nyumba hii iwe na nakala kwenye kompyuta ya sebuleni kabla watu hawajalala, bila mtu kuchomeka waya na bila kula bando. Simu ni nne, zote za Android: yangu, ya mke wangu, ya binti yetu aliye kidato cha tatu, na ya mama. Kompyuta ni laptopu ya zamani yenye Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaotumika badala ya Windows. Bawaba zake zimechoka, kwa hiyo haiondoki mezani. Pembeni yake kuna diski ya nje ya TB 1.

Msukumo ni picha za Idi ya wiki iliyopita. Simu ya mke wangu imejaa. Yeye ni fundi cherehani, na kila gauni analomaliza hulipiga picha kabla mteja hajalichukua. Wateja wapya huchagua mshono kutoka kwenye picha hizo, kwa hiyo kwake ni mtaji kama vile cherehani yenyewe. Simu aliyokuwa nayo kabla ya hii iliingia maji ikaondoka na mishono yote iliyokuwamo. Sasa kila akitaka kupiga picha ya kazi mpya, inambidi kwanza akae chini achague cha kufuta.

Hifadhi za mtandaoni nimezifikiria na kuziweka kando. Google Photos iliacha kutoa nafasi isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo kuna GB 15 za bure, na hizo zinagawanywa pamoja na barua pepe na Drive. Lakini hata nafasi ingekuwa tele, barabara ya kufika huko ni bando. Picha inatoka kwenye simu iliyo juu ya kochi, inasafiri hadi kwenye seva ng'ambo, halafu inarudi kwenye laptopu iliyo mita mbili kutoka kochi hilohilo. Ni kulipa nauli ya kwenda na kurudi ili kuvuka sebule. Ruta ya nyumbani inaweza kuipitisha picha hiyo moja kwa moja bila senti ya intaneti, na hilo ndilo ninalotaka lifanyike.

Jumapili, 15 Juni

Nimechagua chombo. Bluetooth ni ya polepole mno kwa video na inataka mtu akubali kila mara. KDE Connect, programu ya kuunganisha simu na kompyuta, ni nzuri sana kwa kurusha faili mojamoja na kupokea arifa za simu kwenye kompyuta, na nitaendelea kuitumia kwa hayo, lakini si ya kutunza folda nzima kimyakimya. Kazi ya folda nimeipa Syncthing. Ni programu huria iliyoanzishwa na Jakob Borg, toleo lake la kwanza likatoka mwishoni mwa 2013. Haina akaunti, haina seva ya kampuni katikati, haina malipo. Vifaa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, na mazungumzo yao yamefumbwa kwa TLS, ufumbaji uleule unaolinda tovuti za benki.

Jambo moja la kujua kwa anayeanza leo: programu rasmi ya Syncthing kwa Android ilisimamishwa, toleo la mwisho likiwa la Desemba 2024. Waliokuwa wakiitunza walieleza kwamba kuichapisha kwenye duka la Google kumekuwa kugumu na watunzaji hawapo. Iliyo hai ni Syncthing-Fork, tawi lililochipuka kutoka programu hiyo, inayopatikana F-Droid, duka la programu huria za Android. Ndiyo niliyoweka kwenye simu zote nne.

Kuunganisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila kifaa kina kitambulisho chake kirefu cha herufi na tarakimu, kinachotokana na cheti chake kwa SHA-256, hesabu inayokipa kila kitu alama yake kama ya kidole. Kompyuta inakionyesha kama msimbo wa QR, simu inauskani, kompyuta inauliza kama ikubali, basi. Kifaa ambacho hujakikubali kwa mkono wako hakiwezi kuingia hata kikiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo.

Kwenye mipangilio ya kompyuta nimezima vitu vitatu: utafutaji wa vifaa kupitia intaneti, seva za kupokezana (zinazopitisha data kati ya vifaa visivyoonana), na utobozaji wa ruta kwenda nje. Nimeacha utafutaji wa ndani ya nyumba peke yake. Kwenye simu nimefanya vivyo hivyo, kisha nikaiambia programu ifanye kazi pale tu simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani iliyotajwa kwa jina. Kwa hiyo hata binti akiwa shuleni na simu ya mwenzake imewasha hotspot, hakuna kitu kinachokula bando la mtu.

Folda za kusawazisha amechagua kila mwenye simu. Binti amechagua picha za kamera na folda ya masomo, basi. Mazungumzo yake na rafiki zake hayaingii kwenye kompyuta ya sebuleni, na sikumwomba anieleze kwa nini.

Jumatano, 18 Juni

Simu tatu zimeionyesha kompyuta kuwa ipo. Ya mama haikuiona kabisa. Wi-Fi imeshika, intaneti inapita, lakini kompyuta kwake haipo.

Chanzo kimepatikana kwenye ruta. Simu ya mama ilikuwa imeunganishwa kwenye mtandao wa wageni, ule wenye jina la pili ambao ruta nyingi huja nao. Mtandao huo umekusudiwa kumtenganisha mgeni na vifaa vya mwenye nyumba: anapata intaneti tu, haoni kitu kingine. Ni kinga nzuri, na nimeiacha ilivyo kwa ajili ya wageni wa kweli. Simu ya mama nimeihamishia mtandao wa nyumbani, na baada ya muda mfupi ikaiona kompyuta.

Ruta nyingine zina kinga kama hiyo hata kwenye mtandao mkuu, kitufe kimoja kinachozuia vifaa vya Wi-Fi visionane. Mtu akikwama hapa aangalie hilo kabla ya kuilaumu programu. Baada ya hapo aangalie kinga ya kompyuta yenyewe (firewall), inayoamua data ipite milango ipi ya mtandao: Syncthing hupitisha faili kwenye mlango namba 22000, na huitana ndani ya nyumba kwenye mlango namba 21027 wa UDP. Milango hiyo ikifungwa, vifaa vinakaa chumba kimoja bila kujuana.

Jumamosi, 21 Juni

Leo ni siku ya mzigo mkubwa wa kwanza: simu ya mke wangu, karibu GB 20 za picha na video.

Kabla ya kuanza nimefanya badiliko dogo lenye faida kubwa. Laptopu nimeichomeka kwenye ruta kwa waya wa mtandao. Najua mradi unaitwa wa bila waya, lakini cha kuondolewa waya ni simu, ambayo hutembea. Kompyuta haitembei. Zikiwa zote mbili hewani, kila faili inapita hewani mara mbili, kutoka simu hadi ruta na kutoka ruta hadi kompyuta, zikigombea chaneli moja. Kompyuta ikiwa na waya, hewa inabeba faili mara moja tu.

Hesabu ya mwendo niliifanya mapema ili watu wa nyumbani wajue wasubiri kiasi gani. Wi-Fi ya kizazi cha 802.11n kwa antena moja kwenye GHz 2.4, chaneli ya MHz 20, ni megabiti 72 kwa sekunde kwa maandishi ya kwenye boksi. Gawa kwa 8, unapata megabaiti 9. Uhalisia ni kama nusu yake. GB 20 kwa megabaiti nne na nusu kwa sekunde ni saa moja na robo hivi, na ndivyo ilivyokaribia kuwa. Simu yangu, iliyoshika GHz 5, inakwenda haraka zaidi nikiwa sebuleni, lakini nikiingia chumba cha nyuma kuta za tofali zinaimaliza. Kwa chumba cha nyuma GHz 2.4 ni bora, polepole lakini inafika.

Katikati ya kazi mke wangu alitoka kwenda kwa mteja na simu yake. Aliporudi, iliendelea pale ilipoishia. Syncthing hukata faili vipande, kuanzia KiB 128 hadi MiB 16 kulingana na ukubwa wa faili, na kila kipande kina alama yake ya SHA-256. Kipande kilichofika hakitumwi tena.

Jumatano, 25 Juni

Simu ya mama na ya binti zinalala. Mchana kutwa hazitumi kitu. Ukizifungua na kuigusa programu, zinatuma. Ukiziweka mezani, zinanyamaza.

Hii ni tabia ya Android tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015: simu isiyoguswa inaingia usingizini na programu za nyuma zinazuiwa ili betri idumu. Juu ya hapo watengenezaji wengine huongeza ukali wao wenyewe na kuua programu kabisa skrini ikizimika. Dawa ni kuingia mipangilio ya betri na kuiruhusu Syncthing ifanye kazi bila kizuizi, na kwenye simu ya mama ilibidi pia kuiruhusu ijiwashe yenyewe simu inapowashwa. Kila simu imeficha mahali hapa kivyake.

Ili betri isiliwe, nimeweka sharti la pili: simu ya mama isawazishe ikiwa kwenye chaji tu. Mama huchomeka simu kila jioni baada ya magharibi, na kwa saa zile mbili tatu kazi yote inaisha.

Jumamosi, 28 Juni

Leo tumefika kwenye kiini cha mradi, na kimenichukua muda mrefu kuliko ruta, milango na betri vikiwekwa pamoja.

Mama ameniuliza, "Mwanangu, nikiifuta hii picha ya arusi hapa kwenye simu, na huko kwenye kompyuta inafutika?"

Kwa mipangilio ya kawaida ya Syncthing jibu ni ndiyo. Kusawazisha maana yake ni pande mbili kuwa sawa. Ukiongeza huku, kunaongezeka kule. Ukifuta huku, kunafutika kule. Ukiharibu faili huku, uharibifu unafika kule kwa uaminifu uleule. Watu wengi wanaweka programu za aina hii wakiamini wana hifadhi ya akiba, halafu siku wanaposafisha simu, hifadhi nayo inasafishika. Hifadhi ya akiba ni kitu kingine, na nyumba inahitaji vyote viwili. Mke wangu anataka hasa kufuta ili apate nafasi, na picha zibaki. Kwa hiyo mfumo uliokamilika wiki iliyopita ungemsaliti siku ya kwanza ya kuutumia.

Syncthing ina aina za folda. Upande wa simu nimeuweka kuwa wa kutuma tu, na upande wa kompyuta kuwa wa kupokea tu. Hiyo inalinda simu: mtu akichezea folda kwenye kompyuta, simu haidhuriki. Lakini haimzuii anayetuma kutuma ufutaji. Kuna kigezo cha ndani cha kuifanya kompyuta ipuuze ufutaji, ila waandishi wa programu wenyewe wanakitahadharisha, kwa sababu baada ya hapo pande mbili hazikubaliani tena kuhusu hali ya folda. Sikutaka nyumba itegemee hilo.

Nilichofanya ni kutenganisha vyumba viwili. Folda ya kwanza inaitwa Mapokezi, iko kwenye diski ya ndani ya laptopu, na ndiyo Syncthing inayoijua. Ya pili inaitwa Ghala, iko kwenye diski ya nje, na Syncthing haina habari nayo. Kila saa, cron, ratiba ya kazi ya Linux, inaita rsync, programu ya kunakili faili, inakili kutoka Mapokezi kwenda Ghala. Programu ya rsync ni ya tangu 1996 na inafanya jambo hili kwa utulivu. La muhimu ni kigezo ambacho hakipo: sikuweka `--delete`. Bila hicho rsync inaongeza tu, haiondoi. Nimeongeza `--backup`, ili picha iliyohaririwa isifunike ile ya asili.

Mtu anaweza kupiga picha, ikafika Mapokezi, akaifuta kabla saa haijatimia. Kwa ajili hiyo Mapokezi ina kapu la taka: faili iliyofutwa kutoka simu inahamishiwa folda iliyofichwa inayoitwa `.stversions`, na inakaa humo siku 30. Muda huo unatosha mtu kujutia.

Nimemjibu mama hivi: "Ukiona hapa pameandikwa imesasishwa, mama, futa. Picha yako iko Ghala, na hakuna simu inayoweza kuigusa." Alifuta moja, tukaenda wote kwenye kompyuta kuitafuta. Ilikuwepo. Akarudi kwenye kochi akaendelea kufuta.

Jumamosi, 5 Julai

Mke wangu ana daftari la oda kwenye jedwali moja: jina, vipimo, tarehe ya kuchukua, amelipa ngapi. Folda hii ni ya pande mbili, kwa sababu anaandika kwenye simu akiwa na mteja na kwenye laptopu akipanga hesabu. Jana aliandika kwenye simu akiwa nje, na binti akamsaidia kuingiza malipo kwenye laptopu. Simu iliporudi nyumbani faili zikawa mbili, ya pili ikiwa na maneno `sync-conflict`, tarehe na saa katikati ya jina lake.

Syncthing hapa imetenda haki. Haichanganyi yaliyomo, kwa sababu haijui jedwali ni nini. Inaacha jina la kawaida kwa faili iliyohaririwa baadaye, na ya zamani inaipa jina la mgongano. Hakuna kilichopotea, lakini mtu lazima akae alinganishe, na kwenye daftari la pesa kulinganisha kunachosha. Tumekubaliana kila oda iwe na faili yake ndogo, yenye jina la mteja na tarehe. Watu wawili hawagusi oda moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mgongano umekosa nafasi. Jumla ya mwezi laptopu inaikusanya yenyewe.

Lingine la leo ni fupi. Notsi za binti, ambazo folda yake nayo ni ya pande mbili, zilikataa kwenda kwenye simu yake. Majina ya faili yalikuwa na nukta mbili na alama ya kuuliza. Linux inazikubali, hifadhi ya Android inazikataa. Tumeweka kistari badala yake, zikaenda.

Jumatano, 9 Julai

Umeme umekatika tangu alasiri. Laptopu ina betri yake, ruta haina, na ruta ikizimika nyumba nzima inapotezana. Nimenunua betri ndogo ya volti 12 ya kuwekea ruta, zile wanazouza madukani kwa ajili ya ruta na kamera za ulinzi. Inachajiwa umeme ukiwepo na inashika yenyewe ukikatika.

Nilichokiogopa zaidi ni folda inayoonekana tupu. Diski au kadi ikishindwa kushika, programu isiyo makini ingeona folda haina kitu, ikaamini kila faili imefutwa, na kueneza ufutaji huo kwingine. Syncthing ina kinga: ndani ya kila folda kuna alama iitwayo `.stfolder`. Isipoiona, inasimamisha folda hiyo na kutoa onyo badala ya kudhani. Kwa upande wa Ghala, ambalo Syncthing hailijui, nimeandika mstari kwenye skripti ya rsync (faili fupi ya amri ambayo cron huiendesha) uhakikishe kwanza kwamba diski ya nje imeshika. La sivyo rsync ingenakili kila kitu kwenye folda tupu ndani ya diski ya laptopu hadi ijae.

Jumamosi, 12 Julai

Namba za simu. Picha ni faili, lakini namba za watu zimo kwenye hifadhidata ya simu, na Syncthing haizifikii. Mama ana namba za ndugu walioko Pemba, Mombasa na Maskati ambazo hazipo popote pengine. Baadhi amezihifadhi kwenye laini, baadhi kwenye simu.

Kompyuta sasa inaendesha Radicale, seva ndogo ya kutunza namba na kalenda kwa kanuni za CardDAV na CalDAV. Kila simu ina DAVx5, inayozungumza na Radicale na kuzionyesha namba ndani ya programu ya kawaida ya simu. Mama hajaona tofauti yoyote, na hilo ndilo nililotaka. Kila mtu ana kitabu chake, na kuna kitabu cha pamoja cha ukoo. Shangazi akibadilisha namba, mmoja wetu akiirekebisha, wote tunaipata.

Jumamosi, 19 Julai

Shemeji amekuja na iPhone yake akitaka naye aingizwe. Kwenye iPhone programu ya nje hairuhusiwi kukaa macho nyuma, kwa hiyo mtindo huu wa kimyakimya haushiki vizuri. Nimempa folda yake kwa njia ya Samba, programu ya kugawana folda za kompyuta kwenye mtandao kwa kanuni iitwayo SMB. Programu ya Faili ya iPhone inaweza kuunganisha seva za SMB tangu iOS 13, hivyo anachagua picha na kuzihamisha mwenyewe akija. Kwake inatosha.

Jumamosi, 26 Julai

Leo tumejaribu kurejesha. Nimechukua simu yangu ya akiba isiyo na kitu, nikaiunganisha, nikairudishia folda ya mishono kutoka Ghala na namba kutoka Radicale. Picha zimefunguka, tarehe zake ni zilezile, namba zimeita. Mke wangu alizipitia folda akatafuta mishono anayoikumbuka kwa majina ya waliovaa, akaikuta yote aliyoitafuta.

Picha za WhatsApp zimeingia pia kwa waliotaka. Tangu Android 11 ziko ndani ya `Android/media/com.whatsapp`, na Syncthing inaweza kuisoma folda hiyo. Nimezuia video za mzunguko wa vikundi kwa mstari mmoja kwenye `.stignore`, faili inayoiambia Syncthing iruke nini, kwa sababu zilikuwa zinaijaza Ghala kwa vitu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Bado kuna kazi tatu. Ghala na Mapokezi viko meza moja, kwa hiyo nitanunua diski ya pili, niijaze, na kuipeleka kwa kaka yangu. Tutakuwa tunazibadilishana kila tukitembeleana. Laptopu inapata joto kali inapokagua folda kubwa, na nataka kuongeza nafasi kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, ambayo kwa kawaida ni sekunde 3,600. Na binti ameomba afundishwe skripti ya rsync. Tunaanza Jumamosi ijayo, yeye akiwa kwenye kibodi.